Kazi Wapewazo Watoto Wenye Vipawa

Msomaji, huenda umepata kusikia kwamba katika shule nyingi za msingi za Marekani kuna chumba kimoja ambacho si watoto wote waingiao. Siku moja katika juma, au saa moja katika siku, mwalimu huja mlangoni mwa darasa, huita majina manne au matano, na walioitwa huchukua kalamu zao wakaondoka, wakiwaacha wenzao na hesabu za kugawanya. Hao walioitwa ni watoto wenye vipawa, yaani wale waliopimwa wakaonekana kuwa akili zao zimewatangulia wenzao wa umri mmoja. Mabishano makubwa ya watu wazima huwa juu ya kipimo: ni cha haki au si cha haki, na nani alipita na nani alianguka. Lakini mtoto arudipo nyumbani jioni, mama yake haulizi habari za kipimo. Humwuliza: Leo mlifanya nini huko?

Insha hii yataka kulijibu swali la mama huyo, na baada ya kulijibu, kuyatolea hukumu majibu yake. Kazi ya darasani ni kitu kilichotungwa na mtu kama vile hadithi au utenzi ulivyotungwa. Ina mwanzo na mwisho, ina nia ya mtungaji, na ina mahali inapotimiza nia hiyo na mahali inapoishia kuwa pambo tu. Mhakiki wa shairi haridhiki kuambiwa kwamba shairi limependwa. Huuliza lina nini ndani yake. Nasi tutafanya vivyo hivyo, tukijua kwamba kazi za chumba kile hupendwa sana na watoto. Kupendwa huko si haba, wala si hoja yote.

Kwanza tuipe historia nafasi yake kwa maneno machache. Mwaka 1905 Mfaransa Alfred Binet, pamoja na mwenzake Théodore Simon, alitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi katika masomo. Kipimo hicho kilivuka bahari. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alikitengeneza upya, na mwaka 1921 akaanza kukitumia kuwatafuta watoto walio katika upande wa pili wa ngazi, wale wa juu kabisa. Chombo kilichoundwa kumsaidia aliyechelewa kikawa chombo cha kumteua aliyetangulia. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik angani mwaka 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma, na mwaka uliofuata serikali yao ilipitisha sheria ya kugharimia masomo ya sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Mwaka 1972 Sidney Marland, aliyekuwa kamishna wa elimu wa nchi hiyo, alitoa taarifa kwamba watoto wenye vipawa ni angalau watatu hadi watano katika kila mia, na kwamba wengi wao hawakuwa wakipata mafunzo yawafaayo. Hayo yatosha. Tuingie chumbani.

Kazi mashuhuri kuliko nyingine ni ile ya yai. Watoto hupewa yai bichi, na pamoja nalo mirija ya kunywea, karatasi, pamba, uzi na gundi. Huambiwa watengeneze kifuko au kizimba cha kulihifadhi yai hilo, ili likiangushwa kutoka darini lifike chini zima. Kwa muda wa siku kadhaa chumba hujaa minong'ono na vipande vya karatasi. Kisha hufika siku yenyewe. Mwalimu hupanda juu, shule nzima hukusanyika uani, na kila yai linapoanguka watoto hupiga ukelele, wa furaha au wa huzuni, kama mashabiki wa mpira.

Hapana shaka kazi hii ina kitu ndani yake. Yai haliponi kwa bahati. Linapona kwa sababu mwendo wake umepunguzwa na kipande cha karatasi kilichotanda kama mwavuli, au kwa sababu mirija iliyopinda imelifanya lisimame pole pole badala ya kusimama ghafla, au kwa sababu pigo limeenea juu ya gamba lote badala ya kulenga nukta moja. Mwalimu akiwataka watoto wapime kimo, wabadilishe jambo moja tu kwa kila jaribio, na waandike kwa nini yai la kwanza lilivunjika na la pili likapona, basi hiyo ni sayansi, na tena ni sayansi njema. Lakini aghalabu somo huishia kwenye ukelele. Yai lililopona hupewa cheti, lililovunjika hufagiliwa, na sababu za yote mawili hufagiliwa pamoja nalo. Tena haijulikani kila mara ni mkono wa nani uliokifunga kile kizimba. Wazazi wa Kenya waliopata kukesha usiku wakitengeneza vifaa ambavyo mtaala wa umilisi uliwataka watoto wao wapeleke shuleni asubuhi hawahitaji kuelezwa neno hili.

Katika miaka ya 1980 A. Harry Passow, profesa wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwapa walimu maswali matatu ya kuijaribia kazi yoyote wanayotaka kuwapa watoto wenye vipawa peke yao. Je, watoto wote wangependa kuifanya? Je, watoto wote wangeweza kuifanya? Je, yafaa watoto wote watazamiwe kufaulu ndani yake? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi hakuna sababu ya kuwafungia wengine mlango. Maswali haya ni mafupi, na makali kama wembe. Yai lililopona kutoka darini linavunjika hapa. Hakuna mtoto asiyependa kuangusha yai; hakuna asiyeweza kukunja karatasi; na ukweli kwamba kitu kikisimama pole pole hakiumii ni ukweli ambao kila mtoto yafaa aujue kabla ya kupanda gari.

Tazama basi, msomaji, jinsi dhuluma inavyozaliwa pande mbili kwa tendo moja. Mtoto aliyeachwa na hesabu zake za kugawanya amenyimwa furaha iliyokuwa haki yake, na amefunzwa kwamba furaha hiyo ni ya watu wa namna nyingine. Mtoto aliyeitwa naye amepewa halua badala ya chakula. Aliletwa pale kwa sababu ilisemwa kwamba akili yake ina njaa kuliko za wenzake, na akashibishwa kwa kitu ambacho hata mwenye njaa ndogo angekimaliza.

Juu ya mafumbo nitasema kidogo. Kuna vile vipande saba vya Kichina viitwavyo tangramu, ambavyo hupangwa kuwa ndege au nyumba. Kuna mafumbo ya mantiki ambayo mtoto huambiwa kwamba nyumba tano zina rangi tano na wenyeji watano, kisha kwa vidokezo vichache atambue nani anakaa wapi. Hufunza subira na unadhifu wa fikira, lakini jibu la kila fumbo limekwisha chapishwa nyuma ya kitabu. Vitendawili vyetu navyo vina majibu yajulikanayo, walakini vina sheria moja ambayo kitabu cha mafumbo hakina: aliyeshindwa hutoa mji, aliyeshinda huchukua zamu ya kutega, na mtoto aliyetegua jana leo hutazamiwa awe na chake. Kama watoto wa chumba kile wangeambiwa, baada ya kufumbua mafumbo kumi, watunge la kumi na moja litakalomsumbua mwalimu wao, kazi ingegeuka sura mara moja. Kutunga fumbo lenye jibu moja tu, wala si mawili, ni kazi ngumu kuliko kulifumbua.

Kazi ya tatu yahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa inajidai kuhusu ubunifu, na ubunifu ni neno linalopendwa sana siku hizi. J. P. Guilford aliwahi kuwauliza watu tofali lingeweza kutumiwa kwa mambo gani, na E. Paul Torrance, katika mitihani yake ya ubunifu iliyochapishwa mwaka 1966, aliuliza swali la namna hiyo juu ya makasha ya karatasi ngumu na mikebe mitupu. Kutoka katika mitihani hiyo swali likaingia darasani likawa zoezi. Mtoto huambiwa: Mkebe huu mtupu waweza kufanya nini? Andika matumizi mengi kadiri uwezavyo, na hasa yasiyo ya kawaida. Kisha majibu huhesabiwa. Majibu mengi yana alama, majibu ya aina mbalimbali yana alama, na jibu ambalo watoto wengine hawakulitoa lina alama ya peke yake, maana husemwa kuwa ni la asili.

Sasa uchukue mkebe huo umpe mtoto wa Kisumu au wa Kwale, ambaye nyumbani kwao umeme haujafika. Jibu lake la kwanza litakuwa koroboi. Kwa msahihishaji wa Georgia, Marekani, jibu hilo ni adimu sana, kwa hiyo litapewa alama ya ubunifu. Mtoto yule yule akisahihishwa pamoja na watoto wa kijiji chake, jibu lile lile halipati kitu, kwa sababu kila mmoja ameliandika. Je, mtoto amebadilika? Hata kidogo. Waliobadilika ni majirani zake. Aliyekata mkebe wa kwanza akatia utambi na mafuta akaigeuza takataka kuwa taa alikuwa mbunifu wa kweli; anayeitaja koroboi leo ana kumbukumbu tu. Alama ya namna hii inapima umbali ulio kati ya mtu na watu wanaomzunguka, na si nguvu ya fikira iliyo ndani yake.

Tena zoezi hilo linakoma mahali ambapo kazi ingefaa ianze. Fundi wa Kamukunji, pale Nairobi, haandiki orodha ya mambo thelathini ambayo bati laweza kufanya. Huchagua moja. Hulikata bati, hulikunja ukingo usimkate mnunuzi, hulijaribu, huliona limevuja, hulirudia. Katika kule kuchagua na kurudia ndimo mna ubunifu, na mtoto aliyepewa dakika kumi za kuorodhesha hakufikishwa huko. Ili kumtendea haki Torrance, yafaa isemwe kwamba aliona mbali kuliko wengi wa wafuasi wake. Alitetea kwamba mitihani yake ingewafichua watoto weusi na watoto maskini ambao vipimo vya kawaida vya akili viliwafungia nje. Na mwaka 1974 alianzisha mpango wa kuwafunza watoto kutatua matatizo ya wakati ujao, ambamo baada ya kuorodhesha njia nyingi hutakiwa kuzipima kwa mizani waliyoiweka wenyewe na kuchagua moja. Walimu wengi walichukua orodha wakaiacha mizani.

Ziko kazi bora. Shirika liitwalo Great Books Foundation, lililoanzishwa Chicago mwaka 1947, lilianza katika miaka ya 1960 kuwatolea watoto hadithi za kusoma na kujadili. Kanuni yake ni kwamba anayeongoza mazungumzo asiulize swali ambalo analijua jibu lake. Lazima awe na shaka ya kweli juu ya hadithi: kwa nini huyu alikubali zawadi ile, au kwa nini yule alinyamaza. Mtoto atakayejibu hutakiwa aonyeshe kwa kidole mstari unaomuunga mkono. Keti ukafikiri, msomaji, ni mara ngapi katika miaka yako yote ya shule umeulizwa swali na mtu ambaye kweli alitaka kujua. Swali la mtihani huulizwa na mtu anayejua, kumwuliza mtu anayedhaniwa hajui. Swali la namna hii huwaweka mwalimu na mtoto upande mmoja wa meza, mbele ya maneno ya mwandishi.

Hapa ndipo maswali ya Passow yenyewe yanapoonyesha upungufu. Watoto wote wangependa mazungumzo hayo, na wote wangeweza kuingia. Je, kwa sababu hiyo kazi hiyo haimfai mtoto mwenye kipawa? La hasha. Inamfaa kuliko fumbo gumu kupindukia. Passow alitusaidia kuzikamata kazi zisizostahili kufungiwa chumbani. Lakini mtu akimfuata pasipo kufikiri atadhani kwamba kazi njema lazima iwe ile inayowashinda wengi. Mimi nasema ziko kazi zilizo kama birika na kazi zilizo kama bahari. Katika birika wote hufika mwisho, mmoja upesi na mwingine pole pole, na aliyefika upesi hukaa akingoja. Pwani mtoto mdogo husimama maji yakamfika kifundoni akafurahi, na mwogeleaji hodari hutoka pale pale alipo mdogo huyo, akaenda mpaka mahali ambapo hakuna mguu unaogusa chini.

Mfano wa bahari ulionivuta kuliko yote ni wa zamani kidogo. Mwaka 1936 Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa Teachers College, alianza kazi katika Speyer School, jijini New York. Alichagua watoto wapatao 50, wengi wao wa umri wa miaka 7 hadi 9, ambao kwa kipimo ambacho 100 ndiyo wastani walipata 130 na kuendelea. Alisema kwamba mtoto wa kipimo cha 140 hupoteza nusu ya wakati wake katika darasa la kawaida, na yule wa 170 hupoteza karibu wakati wote. Kwa hiyo nusu ya siku iliwekewa masomo ya kila shule, nayo yalitosha. Nusu nyingine ikabaki wazi. Atie nini ndani yake? Angeweza kuwakimbiza watoto wafike chuo kikuu wangali wadogo. Hakutaka. Angeweza kuwapa michezo. Hakuwapa hiyo pia.

Aliwapa historia ya vitu vya kawaida. Walichunguza chakula, mavazi, makazi, safari, usafi na afya, biashara, upimaji wa saa, taa, vyombo vya kazi, namna za kupelekeana habari, sheria, serikali, elimu, vita, adhabu, na michezo ya watu. Swali lilikuwa moja: kitu hiki ulichokizoea kilifikaje hapa? Pamoja na hayo walisoma maisha ya watu, ili waone jinsi mtu anavyopita katika shida mpaka akawa alivyokuwa, na walijifunza Kifaransa. Walisoma, walijadiliana, waliandika.

Chukua upimaji wa saa peke yake. Mtoto wa miaka minane anaweza kuanza na kivuli cha kijiti kilichochomekwa uani, na hilo halimshindi mtoto yeyote duniani. Lakini kesho yake ataona kivuli hakirudi pale pale. Mwezi ujao atajiuliza kwa nini adhuhuri ya leo si sawa na ya mwezi uliopita. Ataingia katika mzunguko wa dunia, katika saa za maji na za mchanga, katika mabaharia waliopotea kwa kukosa saa ya kuaminika. Hakuna ukurasa wa nyuma wenye jibu. Mahali atakapochoka ndipo atakapoishia, na hapo hapatakuwa mwisho wa somo. Ajabu ni kwamba kazi bora waliyopewa watoto walioitwa wasio wa kawaida ilikuwa habari za vitu vya kawaida kabisa, vilivyokuwamo katika nyumba ya kila mtu wa New York.

Na hapo hapo ndipo pana jambo la kuuma. Speyer School haikuwa na watoto hao 50 peke yao. Madarasa yao mawili yaliitwa madarasa ya Terman. Katika jengo lile lile palikuwa na madarasa mengine saba, ya watoto walioitwa wazito wa kujifunza, nayo yaliitwa madarasa ya Binet. Hollingworth aliamini mno urithi wa damu katika akili, na imani hiyo ilimwonyesha ukuta mahali ambapo kazi yake mwenyewe ilionyesha ufuo. Kivuli cha kijiti kilianguka katika ua ambao watoto wote wa shule hiyo waliupita.

Mwanafunzi mwingine wa mambo haya, Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alijaribu kuutoboa ukuta huo. Mwaka 1978 alieleza kwamba kipawa si kipimo cha juu cha akili peke yake, bali ni kukutana kwa mambo matatu: uwezo uliopita wastani, ubunifu, na ile hali ya mtu kuing'ang'ania kazi asiiache. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amezipanga kazi za darasani katika aina tatu. Ya kwanza ni kuwaonyesha watoto mambo mengi ya dunia. Ya pili ni kuwafunza mbinu za kufikiri na kuchunguza. Ya tatu ni mtoto, au kikundi kidogo, kulishika tatizo la kweli na kulitafutia jibu kwa ajili ya watu watakaolitumia. Aina mbili za kwanza, alisema, zafaa watoto wote. Jambo la thamani hapa ni wale watu watakaolitumia jibu. Mtoto aliyechunguza kwa nini kisima cha shule hukauka, akijua kwamba halmashauri ya shule itaisoma taarifa yake, huandika kwa namna nyingine kabisa. Aina hii ya tatu huombwa na wengi na kufanywa na wachache, kwa maana humtaka mwalimu akae karibu na mtoto kwa majuma mengi, na saa moja katika juma haitoshi.

Muda wapatikana wapi? Mwaka 1993 Sally Reis na wenzake, Renzulli akiwa mmoja wao, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika madarasa ya kawaida: walimu waliweza kuondoa kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ya masomo ya watoto wao hodari zaidi, yaani yale waliyokwisha kuyajua, na matokeo ya watoto hao katika mitihani hayakushuka. Basi muda upo, tena upo ndani ya darasa la kila siku, pasipo kumwita mtu mlangoni.

Nimesema kwamba mabishano ya kipimo ni ya watu wazima. Hata hivyo hayawezi kuachwa kabisa, maana kazi nzuri iliyo nyuma ya mlango uliofungwa haimfai aliye nje. Terman katika utafutaji wake aliwapima na kuwaacha wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Katika wale aliowachagua hakuna aliyeipata. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini hao wawili walikuwa na njia nyingine za kupita. Wengine hawakuwa nazo. Katika wilaya moja kubwa ya shule huko Florida, mtoto alipimwa tu ikiwa mzazi au mwalimu alimtaja. Mwaka 2005 wilaya hiyo ilianza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. David Card na Laura Giuliano, wachumi waliolichunguza jambo hili, walionyesha mwaka 2016 kwamba kiwango cha watoto weusi walioingizwa katika mpango huo kiliongezeka kwa asilimia 80, na cha wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa asilimia 130. Akili zao hazikuzaliwa mwaka 2005. Fedha zilipopungua na upimaji huo kusimamishwa, viwango vilirudi chini.

Wachumi hao hao waliona jambo jingine linaloigusa hoja yetu zaidi. Shule za wilaya hiyo zilipofungua darasa la watoto wenye vipawa, viti vilivyobaki wazi vilijazwa na watoto ambao hawakufikia kipimo cha akili lakini walifanya vizuri katika mtihani wa mwaka uliotangulia. Waliofaidika sana kwa masomo ya hesabu na kusoma walikuwa hao wa viti vya ziada, na hasa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wale ambao darasa lilitengenezwa kwa ajili yao matokeo yao ya mtihani hayakuonyesha faida kubwa.

Huenda ukauliza hayo yakuhusu nini wewe uliye Kenya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawahesabu wanafunzi wenye vipawa na vipaji vya pekee miongoni mwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Neno limekwisha kuandikwa katika sheria. Kilichobaki ni kazi za darasani. Katika shule nyingi za umma, ambamo darasa moja lina watoto 50 au 60, hakuna chumba cha pili cha kuwaita wachache, na kwa jambo hili umaskini wetu waweza kutuponya na kosa la matajiri. Lakini koroboi ipo. Mwalimu aiweke mezani, aulize imetengenezwa kwa mkebe wa nini. Kila mtoto atajibu. Aulize kabla ya mafuta ya taa watu waliwasha nini. Hapo watalazimika kwenda kwa bibi na babu zao. Aulize kwa nini kandili yenye kioo hutoa moshi mdogo kuliko koroboi isiyo nacho, na moshi huo humfanya nini asomaye kwa taa hiyo kila usiku. Aulize familia hutumia shilingi ngapi za mafuta kwa mwaka, na ni baada ya miezi mingapi taa ya jua ingerudisha bei yake. Swali la mwisho linaweza kumshika mtoto mmoja muhula mzima, na hakuna aliyejua tangu mwanzo kwamba angekuwa ni yeye.

Hollingworth alifariki mwaka 1939, na madarasa yake ya Speyer yalikwisha mwaka 1941. Zaidi ya miaka arobaini ilipopita, baadhi ya wale waliokuwa watoto wa madarasa ya Terman walitafutwa na kuulizwa walichokumbuka. Walikumbuka wenzao, mazungumzo waliyokuwa nayo, na furaha ya kujifunza. Watoto wa vyumba saba vya jirani hawakuwamo katika uchunguzi huo.